Kuingiza gamma na erf kwenye laibrari kuu ya lugha: fomula ndo kazi ndogo

Watu wengi wakitaka kuongeza fanksheni za hesabu kwenye lugha ya programu, kama gamma (faktoriali iliyopanuliwa hadi namba zenye desimali) na erf (fanksheni ya makosa ya takwimu), wanakimbilia fomula, wanaiandika, wanajaribu gamma(5), inatoa 24, wanaona wamemaliza. Hapo bado kabisa.

Kwanza cheki C inakupa nini. C99 (toleo la 1999 la kiwango cha lugha ya C) inazo erf, erfc (yaani 1 kutoa erf), tgamma (gamma yenyewe) na lgamma (logi ya gamma), unaweza kusema si niziite tu hizohizo, ila Python walipoweka gamma kwenye math (toleo 2.7 na 3.2) waliiandika wenyewe kwa njia ya Lanczos (fomula ya kukadiria gamma), maana tgamma za mifumo kadhaa zina kasoro na mtu wa Windows na wa Linux hawapaswi kupishana kwa hesabu ileile.

Halafu usilete erf bila erfc. Kwenye karatasi 1 - erf(x) ndo hiyohiyo erfc(x), ila kwenye mashine weka 10 uone, 1 - erf(10) inakupa sifuri tupu wakati erfc(10) ni kama 2.09e-45, yaani mtu wa takwimu anayetafuta uwezekano mdogo sana umemfutia jibu lote na wala hajui. Gamma nayo ikifika 172 inafurika, inapita 1.8e308 ambako namba za biti 64 zinaishia, ndo maana lgamma lazima iwepo, mtu ajumlishe na kutoa kwa logi kisha arudi na exp (kinyume cha logi) mwishoni.

Korofi zaidi ni upande wa hasi. Kwa sifuri na namba kamili hasi gamma haina jibu, toa era waziwazi kama Python inavyotoa ValueError. Hasi zenye desimali tumia Γ(x)Γ(1-x) = π/sin(πx), lakini punguza x kwanza ibaki kipande kidogo ndo uzidishe na π, maana π ya mashine imekatwa na kosa lake linakua pamoja na x.

Testi sasa, hapa usiwe mchoyo wa muda jamani. Chukua mpmath (laibrari ya Python ya hesabu zenye tarakimu nyingi), iweke tarakimu 50, tengeneza faili la majibu, chagua pale panapouma: karibu na sifuri, karibu na 171.6, karibu na namba kamili hasi, na kwa lgamma karibu na 1 na 2 ambapo jibu linavuka sifuri. Pima kosa kwa ulp (nafasi kati ya namba mbili jirani za mashine), yaani ukilinganisha na ukubwa wa jibu lenyewe, sio kwa "tofauti iwe chini ya 1e-10", hiyo ingeipitisha hata ile sifuri ya erfc(10). Faili hilo ambatanisha na pendekezo lako.