Kiolesura cha redio ya pakiti kinapogoma kwenye Linux

Mtu anayeunganisha redio ya ridhaa na kompyuta ya Linux kwa itifaki ya AX.25 (kanuni za kutuma data kwa redio katika pakiti) hufurahi sana siku ya kwanza anapoandika `ip link show ax0` na kuliona neno UP. Furaha hiyo huja mapema mno. Kiolesura cha ax0 huzaliwa pale amri ya kissattach inapoifunga poti ya siriali kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na kerneli haina njia ya kujua kama upande wa pili kuna modemu, redio au waya uliokatika. Kwa hiyo ax0 inaweza kukaa UP wiki nzima bila fremu (kifurushi cha data) hata moja kufika hewani.

Mwongozo huu unafuata safari ya pakiti kutoka kwenye kerneli hadi kwenye antena, ili kubaini ni kiungo kipi kimekatika. Nimeuandika kwa ajili ya mpangilio ambao wengi wetu tunaumudu: Raspberry Pi au kompyuta yoyote yenye Debian, kadi ndogo ya sauti ya USB, programu ya Direwolf inayofanya kazi ya modemu, na redio ya FM ya mita 2 kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Alama ya mwito N0CALL iliyomo kwenye mifano imeshika nafasi tu; weka ile iliyoandikwa kwenye leseni yako kabla ya kurusha chochote.

Kabla ya kugusa waya wowote, andika `ip -s link show ax0` na utazame hesabu mbili, RX (zilizopokewa) na TX (zilizotumwa). Hesabu ya RX husema kweli, kwa sababu haiongezeki mpaka modemu iwe imesikia fremu, ikaikagua na kuipitisha kwa kerneli. Hesabu ya TX haistahili kuaminiwa hivyo: huongezeka mara tu kerneli inapoikabidhi fremu kwa poti ya siriali, hata kama redio imezimwa na imo kabatini. Ndivyo ilivyo pia kwa `sudo axlisten -a -c`, ambayo huonyesha fremu zako zinazotoka sambamba na zinazoingia. Kuiona fremu yako mwenyewe pale hakuthibitishi kwamba imerushwa. Watu wengi hupoteza siku nzima hapo, wakibadilisha antena ilhali fremu haijatoka hata kwenye kompyuta.

Ikiwa ax0 haionekani kabisa, tatizo liko kwenye kissattach au kwenye faili la `/etc/ax25/axports`. Mstari wa faili hilo, unaoanza na jina la poti (hapa vhf), huwa hivi:

`vhf N0CALL-1 9600 255 2 Redio ya mita 2`

Safu ya tatu, yaani 9600, huwapoteza wengi. Hiyo ni kasi ya poti ya siriali kati ya kompyuta na modemu, wala si kasi ya hewani. Mwenye modemu ya kisanduku iliyowekwa 9600 akiandika 1200 kwa sababu redio yake inatumia 1200, atapokea takataka au kimya kitupu. Kwa Direwolf, ambayo poti yake ni ya kuigiza, namba hiyo haina uzito. Alama ya mwito, kinyume chake, ina uzito mkubwa: programu za AX.25 huitafuta poti kwa kulinganisha alama iliyo kwenye axports na anwani iliyobebwa na kiolesura. Zikitofautiana hata kwa tarakimu ya SSID, ile namba iliyo baada ya kistari, utaambiwa kwamba poti haiko hai ilhali unaiona ax0 kwa macho yako. Mwenye poti mbili azipe SSID tofauti, kati ya 0 na 15.

Kissattach ikilalamika kwa maneno `TIOCSETD: Invalid argument`, kerneli yako haijapata moduli ya mkiss inayoiunganisha na modemu; jaribu `sudo modprobe mkiss`, na ikishindikana, kerneli hiyo imejengwa bila AX.25 na itabidi utafute nyingine. Mwenye modemu ya kisanduku ana maadui wengine wawili. Wa kwanza ni jina la poti, kwani kilichokuwa `/dev/ttyUSB0` jana kinaweza kuwa `/dev/ttyUSB1` leo, na dawa yake ni kutumia majina yaliyomo kwenye `/dev/serial/by-id`. Wa pili ni ModemManager, huduma inayodhani kila kifaa cha siriali ni modemu ya simu na kukitumia amri zisizokihusu. Izime kwa `sudo systemctl disable --now ModemManager` kama huihitaji.

Kwa mtumiaji wa Direwolf mpangilio ni huu: anzisha `direwolf -p`, ambayo hutengeneza poti ya kuigiza na kuiwekea njia ya mkato `/tmp/kisstnc`, kisha `sudo kissattach /tmp/kisstnc vhf`, kisha `sudo kissparms -p vhf -c 1`. Usiiruke amri hii ya mwisho. Katika fremu za mwanzo kerneli hujaribu aina ya KISS (lugha ambayo kompyuta huzungumza na modemu) yenye hundi ya ziada ya CRC ya kukagua makosa, na Direwolf husoma alama ya jaribio hilo kama namba ya chaneli isiyokuwepo, ikalalamika na kuitupa fremu. Kumbuka pia kwamba kila Direwolf inapoanzishwa upya, kissattach nayo ianzishwe upya, kwa sababu poti ya zamani imekufa pamoja na programu iliyoizaa.

Sasa upande wa kupokea. RX ikibaki sifuri, acha kerneli na utazame dirisha la Direwolf. Kila fremu inayosikika huandikiwa kiwango cha sauti, na kiwango kizuri ni karibu na 50. Kikizidi sana, punguza kwa `alsamixer`, na ukiwa humo zima kile kipengele cha kadi cha kurekebisha sauti chenyewe, kwa kuwa huipotosha milio ya 1200 Hz na 2200 Hz ambayo ndiyo inayobeba data. Fungua kabisa kizuia mvumo cha redio. Direwolf isipochapa chochote, hakikisha kwanza kwamba kuna kitu cha kusikia: masafa ya APRS (mfumo wa kutangaza mahali kituo kilipo na ujumbe mfupi) ni 144.800 MHz kwa Ulaya na 144.390 MHz kwa Marekani, na mwenye kuishi mahali pasipo na kituo cha jirani anaweza kukaa mwezi mzima akidhani mtambo wake ni mbovu. Mtu wa aina hiyo ninamshauri asubiri Kituo cha Kimataifa cha Anga kipite juu yake, akiwa kwenye 145.825 MHz. Mtambo wa pakiti wa kituo hicho ukiwa umewashwa, fremu husikika hata kwa antena ya kawaida kwa dakika kadhaa, na FM huvumilia mtelezo wa masafa wa takriban kHz 3.5 unaotokana na mwendo wake.

Upande wa kurusha ndio ulionitesa mimi. Kwa jioni tatu nilitazama TX ikipanda hadi kuvuka 200 huku jirani yangu wa hewani akisisitiza kwamba hasikii kitu. Nilibadilisha mipangilio yote niliyoijua. Nilipofungua plagi nilikuta waya wa RTS, ule unaoiamuru redio irushe, umeachana na risasi ya kulehemu kwa unene wa unywele. Tangu siku hiyo ninaanza na `direwolf -x p`, ambayo huibonyeza redio bila kutuma sauti: funga mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu ya redio bila kuirusha) mahali pa antena, kisha tazama kama taa ya kurusha inawaka. Isipowaka, kagua waya, kisha mstari wa PTT (amri ya kuibonyeza redio irushe) kwenye `direwolf.conf`, kwa mfano `PTT /dev/ttyUSB0 RTS` au `PTT GPIO 25`, na uhakikishe kwamba mtumiaji wako yumo kwenye kundi la dialout. Ikiwaka, tuma fremu moja halisi kwa `sudo beacon -s vhf "jaribio"` na usikilize kwa redio ya pili. Ukisikia mlio mzima lakini hakuna anayeufungua, huenda redio yako inachelewa kushika masafa na mwanzo wa fremu unakatwa. Ongeza muda wa kusubiri, mathalani `sudo kissparms -p vhf -t 400`, namba hiyo ikiwa ni milisekunde.

Kuna kisa cha kinyume, redio kurusha yenyewe mara tu ax0 inapowashwa. Hapo kompyuta inatangaza huduma zake za mtandao wa nyumbani juu ya masafa ya watu wote, jambo linalowasumbua wengine na linaloweza kukuletea maswali kuhusu leseni yako. Ongeza `deny-interfaces=ax0` chini ya kichwa cha `[server]` kwenye `/etc/avahi/avahi-daemon.conf`, na `denyinterfaces ax0` kwenye `/etc/dhcpcd.conf` kama mfumo wako unaitumia, kisha anzisha huduma hizo upya. Iache axlisten ikiwa wazi kwa nusu saa bila wewe kutuma chochote. Fremu ikitokea humo yenye alama yako ya mwito, bado kuna huduma nyingine inayoitumia ax0.