Usianze na lehemu

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko dirishani Kibokoni, Mombasa, na kwenye kabati nyuma yangu pana amplifaya nzito kama mtoto wa miaka mitatu, mashine ya santuri, na spika mbili ambazo mafundi watatu, kwa nyakati tofauti, waliniambia nizitupe. Zote zinalia. Ami yangu alikuwa baharia, na mitambo hii aliinunua Kobe, Japani, mwaka 1979 akaishusha hapa bandari ya Kilindini ikiwa imefungwa kwa blanketi la meli. Tangu majirani waisikie ikiimba tena wameniletea mingine saba au minane, na karibu yote nilikuta imekufa kifo cha uongo: imekula chumvi, imeingiwa na mijusi, au imelishwa stima isiyo yake. Ndiyo maana lehemu naiweka mbali mpaka mwisho.

Kwanza geuza mtambo usome mgongo wake. Stima yetu ni volti 240, hezi 50, yaani hupiga mara 50 kila sekunde. Mtambo uliotengenezwa kuuzwa Japani kwenyewe ni wa volti 100. Wa Marekani ni 120. Ule wa kuuzwa nje mara nyingi una swichi ndogo nyuma iliyoandikwa 110, 120, 220, 240. Isukume kwa bisibisi mpaka 240, na kama kuna maelezo ya fyuzi pale pembeni yafuate, kwa sababu fyuzi ya 110 si ile ya 240. Ukikuta 100 peke yake, bila swichi, huna budi kununua transfoma ya kushusha. Soma wati za mtambo, kisha chukua transfoma yenye uwezo wa kiasi cha mara mbili. Na dukani uliza: inatoa 100 au 110? Ile kumi ya ziada mtambo utaigeuza joto, na joto tunalo la kutosha.

Yetu ilikuwa na transfoma yake, ikapotea tulipohama nyumba. Kaka yangu, siku ya Idi, wageni wamejaa, akachomeka plagi moja kwa moja ukutani. Fyuzi ikafa kabla ya transfoma ya ndani kuungua. Haikuwa akili yetu, ilikuwa bahati.

Ikiwa mtambo wa Japani una redio ndani na haikamati stesheni, usiufungue kutafuta ugonjwa. Tazama kioo cha namba: FM yao ya zamani ilianzia 76 ikakoma 90, yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Kila aliyenunua gari la Japani bandarini alijua kisa hiki siku ya kwanza. Sikiliza santuri na kanda, hiyo redio iache.

Sasa chomoa plagi, fungua mfuniko. Usiguse kitu. Zile kapasita mbili kubwa, nene kama mkebe wa maziwa, huweka stima hata baada ya plagi kutoka. Nina bisibisi yenye shimo kwenye ncha, kama jino lililooza, kwa sababu niliwahi kuzigusisha nguzo mbili za kapasita kwa chuma kitupu. Mlio wake ulimtoa mamangu jikoni. Tumia rezista, kipuri kinachopunguza kasi ya stima, ya kilo-omu 1, wati 5, uishike kwa koleo yenye mpira, uiweke kati ya nguzo mbili kwa dakika nzima. Kisha pima kwa mita ya volti. Ikisoma chini ya volti 1, unaweza kuingiza vidole.

Nilipofungua amplifaya ya ami nilikuta mjusi kafiri, mkavu na mwepesi kama karatasi ya sigara, amelala juu ya miguu miwili ya transista. Chini ya ubao mlikuwa na mayai yake mawili. Juu ya kila kitu vumbi lililoshikamana, maana vumbi letu si la bara. Lina chumvi ndani, linavuta unyevu, na msimu wa kusi linageuka tope jembamba. Hilo tope ndilo linalopitisha stima pasipotakiwa na kuifanya shaba iote kutu ya kijani.

Chukua brashi ya rangi ya inchi moja, ya manyoya, si ya nailoni. Fagia taratibu ukielekeza vumbi nje. Kisha pamba ya masikio na alkoholi ya isopropili, iliyo safi ya asilimia 99. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa usiitumie, kwa kuwa mara nyingi imetiwa mafuta na yatabaki kwenye ubao. Matundu ya waya mgongoni yasugue mpaka pamba itoke nyeupe. Mimi hapa hutumia jioni mbili nzima na sioni haya. Nimezoea kufumua mshono.

Kitufe cha volumu kikikwaruza unapokizungusha, au spika moja ikija na kwenda, hiyo ni kaboni chafu ndani yake. Tafuta kitundu mgongoni mwa kitufe, puliza dawa ya kusafishia swichi, kidogo tu, halafu zungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Swichi zote zifanyie hivyo hivyo. Dawa ya kulegeza nati zenye kutu haifai hapa hata kama jirani ataapa; ina mafuta, itakwaruza tena baada ya wiki na vumbi juu.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza tengeneza taa ya majaribio. Ni holda ya balbu iliyounganishwa kwenye waya wa moto wa kebo ya soketi, ili stima yote ya mtambo ipitie kwenye balbu. Balbu iwe ya uzi, wati 60 au 100. Hizi za LED hazifai. Ukiwasha, balbu iwake kwa nguvu kisha ififie: hapo kapasita zimejaa na mambo ni salama. Ikiendelea kung'aa, ndani pana shoti, zima haraka. Balbu itakuwa imekuokolea transfoma.

Ikipita, bado usiunganishe spika. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja (DC), pima nguzo za spika volumu ikiwa chini kabisa, subiri dakika tano. Chini ya milivolti 50, tulia. Ikizidi 100, usiunganishe spika yoyote unayoipenda. Peleka kwa fundi anayejua transista. Mimi huwapelekea. Kuna pahali mshonaji husimama.

Mitambo mingi ya miaka ya sabini ina rilei, swichi inayojifunga yenyewe, ya kulinda spika, utaisikia ikigonga "tak" sekunde chache baada ya kuwasha. Upande mmoja ukipotea mpaka upandishe volumu, shuku midomo ya rilei, pale inapogusana. Chana kipande cha karatasi ya bahasha, kilowe alkoholi, kipitishe katikati ya midomo mara kadhaa. Msasa usiingie humo.

Lehemu sasa, kwa ufupi. Kapasita iliyovimba kichwa au kuvuja chini inabadilishwa kwa ya mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, ya kuhimili joto la nyuzi 105, na upande wa hasi uangaliwe mara mbili. Badilisha moja, weka, ndipo utoe nyingine. Ukitoa kumi kwa pamoja utalia. Gundi ya zamani iliyokuwa ya rangi ya maziwa na sasa imekuwa ya kahawia, ikwangue yote, kwa maana hiyo hula miguu ya vipuri.

Spika za ami hazikuwa na ugonjwa wa stima. Sponji la ukingoni lilikuwa limeoza. Niligusa likanibaki kidoleni kama unga wa bizari. Karatasi yenyewe, ile inayotikisika na kutoa sauti, nzima, sumaku nzima. Nunua ukingo mpya wa kipimo kilekile, kwangua gundi ya zamani kwa subira ya mtu anayefumua kola ya kanzu, kisha gundisha upande wa karatasi kwanza, uache ukauke usiku mmoja, ndipo upande wa fremu. Kabla gundi haijashika, sukuma karatasi kwa vidole vinne ndani na nje. Ukisikia mkwaruzo, koili, waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, inagusa sumaku. Sogeza ukingo kwa unywele mmoja, sukuma tena. Mafundi wale watatu sidhani kama hata mmoja aliitoa ile spika kwenye sanduku.

Kwenye mashine ya santuri nilikuwa nyumbani kabisa. Mkanda uliolegea pima njia yake kwa uzi, kuzunguka sahani na kapi ya mota, kisha punguza kiasi cha asilimia 5 ndipo uagize. Lastiki ya nguo haifai, nimejaribu kwa niaba yenu. Mhimili wa sahani ufute, utie tone moja la mafuta ya cherehani.

Halafu hesabu. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mara 100 kamili kwa dakika tatu. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, shika simu ikuhesabie muda. Ya ami ilitoa 83. Nilirudia mara nne, 83. Kumbe Kobe iko upande wa Japani wenye stima ya hezi 60, yetu ni 50, na mota ya namna ile hufuata hezi, haifuati volti. Transfoma ya kushusha haikuwa na la kusaidia. Dawa yake ni kapi nene zaidi, sita kwa tano. Ya zamani ilikuwa milimita 9, mchonga vyuma akanichongea ya shaba 10.8, nikapata 99, kwa sababu nilisahau unene wa mkanda. Ya pili, 10.9, ikanipa 100. Mashine zenye mota inayozungusha sahani moja kwa moja na kudhibitiwa na kioo cha kwatzi, kama Technics SL-1200 MK2, hazina shida hii.

Santuri za plastiki nazifuta kwa maji safi yenye tone la sabuni na kitambaa laini. Zile nzito za kasi ya 78, za enzi ya Siti binti Saad kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zimetengenezwa kwa lakiri. Alkoholi huyeyusha lakiri. Maji kidogo tu, ukaushe hapo hapo, na uzipigie sindano yao, nene, kwa mashine yenye kasi hiyo.

Mtambo usiuweke dirisha la baharini. Acha kiganja kizima cha hewa juu yake, na vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu huvitandika juu ya kila chenye plagi, na kile chombo cha maua, viende kwenye meza nyingine. Vita hii sikuishinda mara moja. Stima ikikatika chomoa, subiri irudi na itulie.

Siku nilipomaliza nilimwita ami. Ana santuri ya mwanamke wa Misri aliyoinunua Adeni, na kwa zaidi ya miaka thelathini alitusimulia sauti nzito ya yule bibi, nzito kama ya mwanamume. Nikaiweka. Sauti ikatoka nyembamba, ya msichana, na udi ukakimbia nyuma yake. Ami akasikiliza upande mzima bila kusema, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu simjui." Kapi ya zamani ninayo kwenye kikopo cha vifungo. Akija Ijumaa namrudishia, namwekea bibi yake.