Somo: Kufunga ekzosi mpya nyumbani kwenye Fielder, kuanzia nyuma ya masega hadi mkiani

Somo hili ni la mwenye Toyota Fielder au Axio NZE141, injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, anayetaka kubadili bomba lote la moshi kuanzia nyuma ya masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi (catalytic converter). Vitz na IST zenye injini hiyohiyo hazitofautiani sana. Manifodi, yaani bomba la kwanza linalopokea moshi kwenye injini, hatuigusi, na masega yanabaki yalipo.

Kinachoamua kama kazi itadumu ni kimoja: bomba lining'inie lenyewe mahali pake, limetulia, kabla hujakaza bolti hata moja. Mafundi wengi hukaza kiungo kimoja kimoja wanavyorudi nyuma. Bomba linabaki limepinda kwa nguvu, na baada ya miezi michache raba za kuning'inizia bomba zinakatika, gasketi (pete ya kuzibia kiungo) inavuja, au manifodi inapata ufa. Mwenye gari anailaumu ekzosi, kumbe ni mpangilio wa kukaza.

Kabla ya kununua

Kwa injini hii bomba la inchi 2, yaani milimita 51, linatosha kabisa. Inchi 2.5 ni ya gari lenye turbo au injini kubwa zaidi. Ukilifunga hapa, moshi unapoteza kasi kwenye mizunguko ya chini, gari linakuwa zito kuondoka, na unachopata ni mlio tu.

Dukani, kagua vitu vitatu. Vyuma vya kuning'inizia: vihesabu na uone vinaelekea upande gani, vilingane na vya gari lako. Flanji, yaani bamba la kiungo linalopitisha bolti: pima umbali kati ya matundu yake mawili, kutoka kati hadi kati. Kulehemu: pitisha kidole ndani ya maungio unayoyafikia, kama chuma kilichoyeyuka kimeingia ndani na kufanya kingo, moshi utakwama hapo. Usitoe bomba la zamani kabla ya kulaza jipya sakafuni kando ya gari na kuona kwamba mikunjo inafuatana.

Vifaa

Jeki ya magurudumu, stendi nne imara, vizuizi vya tairi. Soketi namba 12 na 14 zenye mkono mrefu, spana namba 14, spana ya torki. Soketi ya sensa namba 22 ikiwa bomba lako lina sensa ya oksijeni. Dawa ya kulegeza kutu, brashi ya waya, grisi ya kopa, nyundo ya plastiki na kipande cha ubao. Miwani ya kukinga macho ni lazima, maana kutu la ekzosi linadondoka moja kwa moja usoni.

Nunua pia gasketi mpya za duara kwa kila kiungo, bolti mpya za springi na springi zake, na raba mpya zote. Usirudishe gasketi ya zamani hata kama inaonekana nzima. Imeshabanwa ikachukua umbo la kiungo cha zamani, haitaziba kwenye kipya.

Hatua ya 1: Kuinua gari

Sakafu iwe ya zege, tambarare. Gari liwe limepoa kwa saa kadhaa. Masega yanaunguza muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Inua kwenye sehemu zilizowekwa na kiwanda ubavuni, weka stendi zote nne, kisha lisukume gari kwa nguvu kabla ya kuingia chini. Likicheza, panga upya. Matofali na vipande vya magogo si stendi. Tofali hupasuka ghafla bila kuonya.

Hatua ya 2: Kulegeza

Paka dawa ya kutu kwenye bolti zote usiku uliotangulia, kisha rudia asubuhi. Kichwa ni namba 14. Bolti ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze, uende na kurudi huku unaongeza dawa. Ukivuta upande mmoja tu kwa nguvu inakatikia ndani ya flanji.

Ikikatika, usiogope. Piga alama katikati kwa sentapanchi, toboa kwa biti ya milimita 3, halafu 5, halafu 8, kisha pitisha biti ya 10.5 hadi upande wa pili. Hapo utatumia bolti ya milimita 10 na nati kwa nyuma, springi ikiwepo vilevile.

Kama kuna sensa, chomoa kwanza plagi yake ya umeme, ndipo ufungue sensa. Usiache sensa ining'inie kwa waya wake.

Hatua ya 3: Kutoa bomba la zamani

Anza nyuma, kwenye sailensa. Raba zipake maji ya sabuni, usitumie oili wala grisi, kwa sababu raba inavimba na kulainika. Sukuma raba itoke kwenye chuma kwa bisibisi nene, huku mwenzako ameshika sailensa. Kisha fungua kiungo cha mbele, ukiwa umeegemeza bomba kwenye jeki ili uzito wote usivute upande wa masega.

Safisha uso wa flanji inayobaki kwenye gari kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kipande cha gasketi ya zamani kilichobaki hapo, hata kikiwa chembamba kama ukucha, kitavujisha.

Hatua ya 4: Kuning'iniza

Weka gasketi mpya ya mbele kwa kuigonga taratibu kwa nyundo ya plastiki juu ya ubao, hadi uso wake ulingane na mdomo wa bomba. Usiisukume kwa kutumia bomba lenyewe wakati wa kuunganisha. Itaingia upande na kupasuka.

Ning'iniza vipande vyote kwenye raba mpya. Ingiza bolti zote kwa vidole, mizunguko mitatu au minne tu. Maungio ya kuchomeka yaingiliane sentimita 4 hadi 5, na bomba la ndani lipite mwisho wa mipasuko ya bomba la nje. Likiishia kabla ya mipasuko kwisha, hakuna klampu (kibano cha kuzunguka bomba) itakayoziba.

Sasa toka, simama nyuma ya gari, tazama. Mkia uwe sawa na bampa. Raba zote zisimame wima, hakuna iliyovutika mbele au pembeni. Zungusha maungio ya kuchomeka, sogeza mbele na nyuma mpaka ikae. Hatua hii ipewe muda mrefu kuliko nyingine zote.

Pima nafasi: angalau milimita 20 kati ya bomba na bodi, waya za handibreki na mabati ya kuzuia joto, na zaidi ya hapo kwenye tanki la mafuta na mipira ya breki. Gari likiwa kwenye stendi ekseli ya nyuma imeshuka, hivyo bomba linalopita juu yake linaonekana lina nafasi kubwa. Nyanyua ekseli kwa jeki hadi springi za gari zianze kubanwa, upime tena. Wengi wanasahau hapa, na bomba linagonga kila tuta la barabarani.

Hatua ya 5: Kukaza

Anza mbele, malizia nyuma. Bolti za springi zina bega, yaani sehemu nene chini ya kichwa: zikaze sawasawa, upande huu kidogo na ule kidogo, mpaka bega likae kwenye chuma, kisha torki (nguvu ya kukaza) ya takriban Nm 43. Kazi ya kubana kiungo ni ya springi. Ukiishia kabla ya bega kukaa, kiungo kitapumua na kuvuja.

Usikubali mtu akushauri kuondoa springi na kuweka bolti za kawaida, au kulehemu kiungo hicho "kisivuje tena". Injini ya gari hili imelala kwa upana, inajitikisa mbele na nyuma kila unapoingiza gia. Kiungo cha springi kipo ili kimeze mwendo huo. Ukikifunga kigumu, mwendo unahamia kwenye manifodi, na manifodi ndiyo hupasuka.

Sensa ikirudi, paka grisi yake kidogo kwenye meno tu, ncha isiguswe. Silikoni ya kawaida ya kuzibia usiitumie popote kwenye ekzosi, mvuke wake unaua sensa.

Hatua ya 6: Kupima

Washa gari nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua.

Injini ikiwa bado ya baridi, mwenzako azibe mkia kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache wakati wewe unasikiliza kwenye viungo. Mlio wa "sss" ni uvujaji. Maji ya sabuni kwenye kiungo yatatoa povu palepale panapovuja. Kisha kanyaga breki barabara, vuta handibreki, peleka gia D, halafu R, huku mwenzako anasikiliza kutoka pembeni, si mbele wala nyuma ya gari, kama bomba linagonga popote.

Moshi mweupe na harufu ya kuungua kwa dakika 10 hadi 20 za mwanzo ni mafuta ya kiwandani yanayoungua. Liache gari lipoe kabisa, kaza tena klampu. Rudia baada ya kilomita 100 hivi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Tanga: Mkuu, huku chumvi inakula kila kitu. Muuzaji anasema yake ni stenlesi, lakini sumaku inanasa. Nimedanganywa?*

Si lazima, ndugu. Stenlesi ya daraja 409 inanasa sumaku, ya 304 kwa kawaida hainasi au inanasa kidogo sana. Zote ni stenlesi, ila 409 itapata kutu la juujuu, hasa kwenye maungio ya kulehemu. Kwa pwani lipa zaidi upate 304. Sumaku pekee haitofautishi 409 na chuma cha kawaida, kwa hiyo dai maandishi ya daraja kwenye risiti. Bolti nazo usizisahau, maana mara nyingi bomba linabaki zima na bolti ndizo zinazooza.

*Mwanachama, Dodoma: Nimefunga juzi, taa ya injini imewaka. Mashine inasoma P0420.*

Msimbo huo unasema masega hayafanyi kazi inavyotakiwa, lakini usikimbilie kuyabadili. Kwanza tafuta uvujaji karibu na sensa ya pili ya oksijeni, ile ya nyuma ya masega. Kati ya msukumo mmoja wa moshi na mwingine, tundu dogo huvuta hewa ya nje, na sensa inasoma oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini. Ziba, futa msimbo, endesha siku chache. Ukirudi na hakuna uvujaji, ndipo uyashuku masega. Ingekuwa P0141, ningekuambia ukague waya na plagi ya sensa: huo ni wa saketi ya hita yake.

*Mwanachama, Nairobi: Fundi anasema tutoe masega kabisa gari liwe jepesi, na yeye atayanunua.*

Anayataka kwa sababu ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Injini hii haitapata nguvu utakayoihisi. Utapata taa ya injini, harufu ya petroli na moshi wenye sumu unaoishia kwa wanao na majirani. Kama unahisi yameziba, yapimwe kwanza: geji ya vakyumu (kipimo cha mvuto wa hewa) kwenye manifodi ya kuingiza hewa, injini ishikiliwe kwenye mizunguko 2,500. Vakyumu ikizidi kushuka polepole, kuna kizuizi. Isiposhuka, yaache.

*Mwanachama, Mwanza: Mlio ni mzuri mjini, ila nikifika kasi ya safari kuna mngurumo unaouma masikio ndani ya gari. Nimebadili raba, haujaisha.*

Kwa hiyo si raba, dada. Injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika inatoa misukumo 100 kwa sekunde, na bomba lako linaitikia sauti hiyohiyo. Hakikisha kwanza bomba haligusi bodi popote. Kama haligusi, ongeza rezoneta (kopo la kupunguza mngurumo) katikati ya bomba, ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu. Fupi hazisaidii sauti nzito. Njia ya pili ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho, refu karibu mita moja kwa mngurumo wa mizunguko hiyo, likirekebishwa urefu kwa kujaribu. Linafanya kazi vizuri, ila chini ya Fielder kupata nafasi yake ni shida.

*Mwanachama, Mombasa: Trafiki wanaweza kunisumbua?*

Ukiwa na sailensa nzima na mlio wa wastani, huna kosa. Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na Tanzania ina viwango vya kelele na mitetemo vya 2015. Ekzosi isiyo na sailensa haina utetezi kokote.

*Mwanachama, Arusha: Raba ya kushoto inakatika kila mara, ya kulia nzima. Ninunue ngumu zaidi?*

Hapana. Bomba linavuta upande. Legeza kila kitu kuanzia kiungo cha mbele, ulipange upya kama hatua ya 4, kisha kaza. Raba ngumu itahamishia tatizo kwenye chuma cha kuning'inizia, na kile kikikatika unahitaji fundi wa kulehemu.