Pilipili ikishakushika mikononi: namna ya kuituliza, na sababu yake

Nasaga pilipili mbuzi kwa ajili ya achari ya kuuza hapa Tanga, na kabla ya achari nilikuwa nafundisha baiolojia sekondari. Kwa hiyo naulizwa maswali ya aina mbili. Wateja wanauliza wafanye nini na mikono inayowaka tangu jana, na watoto wa ndugu zangu wanauliza inakuwaje. Naanza na la watoto, kwa sababu ukishalielewa hilo, nusu ya dawa za mtaani utaziacha mwenyewe.

Ukishika pilipili hakuna kinachoungua. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu, za ngozi, mdomo, macho na koo, kuna protini iitwayo TRPV1. Ni mfereji wa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na una lango. Joto likifika kama nyuzi 43 za Selsiasi, lango linafunguka, kalsiamu na sodiamu zinaingia ndani ya seli, na ubongo unapata habari kwamba kuna moto. Kapsaisini, kemikali inayoifanya pilipili iwe kali, inafungua lango hilohilo hata kama mkono wako una joto lake la kawaida. Ubongo hauna namna ya kujua aliyefungua ni nani. Protini hii ilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na waliitafuta kwa kapsaisini yenyewe. Mwaka 2021 Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Ardem Patapoutian.

Sasa shika mambo mawili. Kwanza, kapsaisini inayeyuka kwenye mafuta na haiyeyuki vizuri kwenye maji. Pili, inalikamata lango kwa upande wa ndani ya seli, yaani inapenya kwanza ndipo ikae. Ndiyo maana unaweza kumenya kilo nzima ukiwa unacheka na shoga yako, kisha ukaanza kulia saa ya kulala.

Kabla ya kusaga, vaa glavu. Kama huna, jipake mafuta ya kula mikononi, hasa kuzunguka kucha, na uyafute na kupaka mengine kazi ikiwa ndefu. Ukitaka achari isiwe kali sana, usihangaike kuchambua mbegu moja moja. Kapsaisini inatengenezwa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, na mbegu zinapata ukali kwa kuugusa tu. Pasua pilipili, pitisha ncha ya kijiko, utando na mbegu vitoke pamoja.

Mikono ikishashikwa, fanya hivi. Mimina mafuta ya kupikia kwenye bakuli, tumbukiza mikono, sugua polepole vidole na chini ya kucha kwa dakika kadhaa. Futa kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, usijifute kwenye kanga uliyovaa. Kisha osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya baridi. Rudia yote tena, mafuta kwanza, sabuni baadaye. Kitakachobaki ni ile iliyokwisha kupenya, nayo inahitaji muda, hamna ujanja. Wakati huo weka mikono kwenye maji ya baridi.

Binti wa kaka yangu, anayenisaidia kujaza chupa, aliniita siku moja mikono ikiwa ndani ya ndoo. "Shangazi, ndani ya maji sisikii kitu. Nikitoa tu, inaanza upya. Si bora nikae hapa mpaka kesho?" Alikuwa amefanya jaribio zuri bila kujijua. Ubaridi unalifanya lango la TRPV1 lisite kufunguka, kwa hiyo maumivu yanapungua. Lakini kapsaisini haijaenda popote, na mkono ukirudi kwenye joto lake lango linafunguka tena. Maji ya baridi yanatuliza, mafuta na sabuni ndivyo vinavyoondoa. Nikamsogezea bakuli la mafuta.

Ndimu na siki nimeambiwa na watu wazima wenye heshima zao, na bado nakataa. Asidi nayo inalichokoza lango hilohilo, likafunguka kwa joto dogo zaidi. Kama una mchubuko, utajuta. Spiriti ni habari ya namna yake: ni kweli inayeyusha kapsaisini, lakini pombe inashusha kiwango cha lango kutoka nyuzi 42 hivi hadi karibu 34, na mwili wako una joto kuliko hapo. Ndicho kinachofanya spiriti kwenye kidonda iwake kama kaa. Kwenye ngozi nzima ijaribu ukipenda, kwenye mikono iliyopasuka hapana. Maji ya moto usiyaguse kabisa.

Wengine wanapaka dawa ya kuchua yenye harufu ya minti. Mentholi inafungua mfereji mwingine, TRPM8, ambao kwa kawaida hufunguliwa na ubaridi wa chini ya nyuzi 26 hivi, kwa hiyo unasikia baridi pasipo baridi. Ingekuwa sawa kama ingekuwa mentholi peke yake. Dawa nyingi za kuchua zina kafuri pia, na kafuri inafungua TRPV1. Unazima huku unawasha kule.

Mdomoni dawa ni maziwa au mtindi wa baridi, uuzungushe mdomoni kabla ya kumeza. Protini ya maziwa inaishika kapsaisini na kuiondoa ulimini. Maji yanaisambaza. Na chai ya moto juu ya pilipili, mtu asikudanganye kwamba "inakata": joto na kapsaisini vinasaidiana kusukuma lango moja.

Jicho halina mjadala. Usifikiche, usitie mafuta wala maziwa. Kama una lenzi, nawa mikono vizuri kwa sabuni ndipo uitoe. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka, ukipepesa, kama dakika 15. Ukiona ukungu au maumivu hayapungui, nenda hospitali.

Kuna kiungo kingine kwenye achari kinachowaka kwa njia nyingine: haradali. Huyu anapita TRPA1, mfereji ambao pia unaitikia kitunguu saumu kibichi, moshi, na ile hewa ya kitunguu maji inayokutoa machozi. Mbegu kavu ya haradali haina ukali wowote. Ukali unatengenezwa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, pale mbegu inapopondwa na kupata maji. Ukitaka ipande puani, ponda, tia maji ya baridi, iache kama dakika kumi, ndipo utie siki, maana siki inaisimamisha kazi hiyo. Ukitaka ya upole, ikaange kwanza, moto unakiua kimeng'enya. Vitunguu viweke kwenye friji kabla ya kukata na utumie kisu kikali, hewa itatoka kidogo.

Pilipili usiitupe kwenye mafuta yanayofuka. Mvuke wake unafikia TRPV1 za kooni na nyumba nzima inakohoa. Tanguliza kitunguu, tia siki kidogo, pilipili iingie kwenye unyevu, na dirisha liwe wazi.

Kuonja nako kuna utaratibu. Kapsaisini ikirudiarudia, mishipa inachoka kuitikia, na ulimi wa mpishi unasema "bado" wakati mteja atatafuta maji. Onja mara moja mapema, halafu mpe mtu ambaye hajaonja kitu. Mimi simwamini mtu yeyote aliyekaa karibu na sufuria, nikiwemo mimi.

Mwisho wa kazi, futa blenda kwa karatasi yenye mafuta, kisha sabuni na maji ya baridi. Ukitumia ya moto mvuke utakupanda usoni. Makapi na mbegu wamwagie kuku. TRPV1 ya ndege haiitikii kapsaisini, watadonoa kama mahindi. Panya na mbuzi wanaisikia kama sisi, kwa hiyo wafungie mbuzi kwanza ndipo umwage.