Likizo ya familia na farasi: jinsi ya kuipanga ili bibi na mjukuu wote wafurahi

Familia nyingi hupanga likizo ya farasi kwa kumfuata anayejua kupanda kuliko wote. Siku ya pili mtoto analia mapaja yanamuuma, bibi amebaki barazani peke yake, na farasi mmoja anaanza kubinua masikio nyuma kila akiona tandiko linakuja. Panga kinyume chake. Anza na mtu mwenye nguvu kidogo kuliko wote, kisha uwezo wa farasi, na huyo hodari mtafutie muda wake baadaye.

Hatua ya 1: Orodha ya watu

Kabla ya kuulizia nafasi popote, andika kila mtu: umri, urefu, uzito, amepanda mara ngapi, ana pumu au mzio wa vumbi na manyoya, mgongo au nyonga vina shida, ni mjamzito au la. Hakikisha chanjo ya pepopunda ya kila mmoja haijaisha muda, kwa kuwa vijidudu vyake huishi kwenye udongo na kinyesi cha farasi.

Uzito uwe wa mizani, si wa kukisia. Kanuni inayotumika sana ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 450 basi mwisho wake ni kilo 90. Ukitoa tandiko la kilo 10, mpandaji asizidi 80. Kukiwa na vilima, joto kali, au farasi ni mzee, shuka hadi asilimia 15. Mjomba wa kilo 100 hajatengwa: atafutiwe farasi mkubwa, au aendeshe mkokoteni wa kukokotwa na farasi.

Hatua ya 2: Kulichunguza banda

Uliza farasi hufanya kazi saa ngapi kwa siku, hupumzika siku gani, na kiongozi mmoja huchukua wapandaji wangapi. Wao nao wakuulize uzito na uzoefu wa watu wako. Wasipouliza, tafuta kwingine, hata kama mandhari yao ni mazuri kiasi gani.

Ukifika, watazame farasi wenyewe. Madoa ya manyoya meupe mgongoni, hasa kwenye nundu ya mabega, mara nyingi ni alama ya vidonda vya zamani vya tandiko. Vidonda vibichi chini ya mshipi (ukanda wa tumboni unaoshikilia tandiko), kwato zilizopasuka, mbavu zinazohesabika kwa macho, maji yenye utando wa kijani: lolote kati ya hayo latosha kukufanya ugeuze gari.

Hatua ya 3: Mavazi

Viatu vifunike kifundo cha mguu na viwe na kisigino cha sentimita 2 hivi. Bila kisigino, mguu huweza kupenya kwenye kikuku (pete ya kukanyagia inayoning'inia kando ya tandiko), na mpandaji akianguka huweza kuburutwa. Suruali iwe ndefu na isiwe na mshono mnene ndani ya paja. Kofia ngumu iwe ya kupandia farasi, si ya baiskeli. Ikae juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili, isicheze kichwa kikitikiswa. Iliyowahi kuanguka na mtu haifai tena, hata kama haina ufa.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, miguu chini

Hapa watoto watalalamika, lakini shikilia msimamo. Nusu siku ya kufahamiana chini huokoa wiki nzima.

Farasi haoni kilicho nyuma yake kabisa, wala kilicho karibu mbele ya paji lake. Kwa hiyo msogelee kutoka ubavuni, upande wa bega, ukizungumza, na umguse shingoni kwanza. Wengi hunyoosha mkono moja kwa moja puani, naye huinua kichwa kwa ghafla. Ukipita nyuma yake, ama pita ukiwa umemgusa na mwili wako umemkaribia kabisa, ama zunguka mbali, mita 3 au zaidi. Katikati ndipo teke hufika likiwa na nguvu zote.

Kamba ya kuongozea isizungushwe mkononi kamwe. Ikunje mkunjo juu ya mkunjo na uishike katikati, ili farasi akivuta itoke bila kuondoka na vidole. Karoti zikatwe vipande virefu, si vya duara, kwani vya duara huweza kukwama kooni. Mtoto alishe kiganja kikiwa bapa, kidole gumba kimebanwa pembeni, baada ya kumwomba ruhusa mtunza farasi.

Hatua ya 5: Kutandika na kupanda

Saisi, yaani mtunza farasi, ndiye atakayetandika, lakini wewe kagua. Kitambaa cha chini ya tandiko kisiwe na mkunjo hata mmoja. Mshipi wa tumbo ukaguliwe mara tatu: kabla ya kupanda, mtu akishakaa, na baada ya mwendo wa dakika 10. Farasi wengi hukaza kifua wanapofungwa. Wakilegea, mshipi nao unalegea na tandiko linazunguka. Hapo mgeni huweza kuanguka.

Kupima urefu wa kikuku: gusa kwa ncha za vidole pale mkanda wake unapoanzia, kisha nyoosha kikuku kuelekea kwapani. Kikifika kwapani, umekaribia kipimo. Upana wake uache nafasi ya sentimita 1 kila upande wa kiatu.

Panda kwa kutumia jukwaa au ngazi, hata kama una nguvu. Kujivuta kutoka chini kunapinda mgongo wa farasi na kuhamisha tandiko.

Mtoto mdogo apande peke yake, farasi akiongozwa na mtu mzima. Kumpakata mbele ya tandiko kunaonekana salama, lakini mkianguka, uzito wako wote unamwangukia. Wala asifungwe kwenye tandiko.

Hatua ya 6: Safari

Siku ya kwanza ya kupanda isizidi saa 1, ya pili saa 1 na nusu. Farasi anayetembea huenda kama kilomita 6 kwa saa, hivyo pima njia kwa hesabu hiyo. Mwenye uzoefu mdogo awe nyuma ya kiongozi tu, na hodari wenu afunge msafara. Acheni urefu wa farasi mmoja kati yenu. Mkibanana, wa mbele hupiga teke.

Mwendo wa matiti (mbio ndogo za kudundadunda) au shoti (mbio kali) usiingie kwenye safari ya pamoja. Mmoja akikimbia, wote hufuata, kwa sababu farasi ni mnyama wa kundi. Huyo hodari apangiwe alfajiri yake na kiongozi wa pili. Farasi akimtimka mtu, wengine simameni papo hapo. Kumfukuza kunamwongezea mbio.

Hatua ya 7: Wasiopanda

Wape kazi halisi, si ya kuwafurahisha. Mzee akae kitini na burashi laini, farasi mtulivu akiwa ameshikwa na saisi kando yake. Watoto wajaze maji: farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, zaidi kukiwa na joto, kwa hiyo ndoo ni nyingi. Wengine wapeleke chakula cha mchana kwa gari hadi mahali msafara utakapofika. Hapo familia yote inakula pamoja, nao farasi wanafunguliwa mishipi.

Hatua ya 8: Kurudi

Dakika 10 za mwisho ni za kutembea polepole. Mpe farasi maji papo hapo. Imani kwamba farasi mwenye joto asinywe haina msingi. Mmwagieni maji jasho la mgongoni, safisheni kwato kwa kuanzia kisigino kwenda mbele, na papaseni pale tandiko lilipokaa kutafuta uvimbe.

Jioni, mpitieni mara moja zaidi. Akiparapara ardhi, akigeuka kutazama ubavu wake, akijigaragaza bila kutulia au kukataa majani, huenda ana msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika, na msokoto huo huweza kumuua kwa saa chache. Ondoa chakula, mwite mtunza farasi saa hiyo hiyo, naye ampigie daktari wa mifugo.