Kutenda bila kujikalifisha

Wepesi wa moyo, yaani kutenda bila kujilazimisha, na papara vinafanana kwa mbali, lakini mwili hauvichanganyi. Mwenye papara hukaza taya, hupandisha mabega, na pumzi yake hukatikia kifuani. Zijue kwanza dalili hizo tatu kwako mwenyewe, maana ndizo zitakazokuonya.

Baada ya sala ya Alfajiri usinyanyuke. Kaa palepale, au kwenye baraza kabla punda wa mizigo hawajajaza kichochoro. Shika tasbihi ya shanga 99: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33. Kila dhikri itoke na pumzi moja ya kutoa, ushanga mmoja. Kwa pumzi tulivu utamaliza kwa dakika tisa au kumi. Ukimaliza kwa tatu, ulikuwa unahesabu tu.

Hesabu itakupotea. Wengi hapo hurudi mwanzo kwa hasira, au hukimbiza shanga zilizobaki ili kufidia. Usifanye lolote kati ya hayo. Endelea pale vidole vilipo. Zoezi lenyewe ni kule kurudi, kwa hiyo aliyetoroka mara ishirini na kurudi mara ishirini hakupata hasara.

Mchana, tumia salamu. Lamu salamu ni ndefu, na ndiyo maana mtu hujibu "mzima" hata kabla ya kuulizwa. Chagua moja tu, ile ya kwanza baada ya Laasiri. Sikiliza hadi neno la mwisho, toa pumzi, ndipo ujibu. Taya ikikaza, nyamaza kidogo: si kila lijalo hutamkwa, na adabu haiondoki kwa sababu moyo umefunguka. Watazame wacheza kirumbizi, mchezo wa kupigana kwa fimbo, wakati wa Maulidi. Anayepanga pigo la tatu hupigwa kwa la kwanza. Lakini hakuna aliyeingia uwanjani bila kujua kushika fimbo.

Usiku jihesabu kwa swali moja: leo nilisema nini kwa sababu tu nilitazamwa? Hiyo ni ria. Itaje, ulale.

Baada ya wiki kadhaa huja mtego mbaya zaidi, nao ni kujionyesha kwamba hujionyeshi. Ukijiona umenaswa, acha zoezi la salamu siku mbili, ubaki na dhikri. Badala yake fagia ukumbi wa msikiti kabla watu hawajafika, na usimwambie mtu.