Kutunga dodoso la utafiti wa maji: anza na jedwali, maswali baadaye

Wengi wakipewa kazi ya kutunga dodoso hukimbilia kuandika maswali, matokeo yake ni kurasa kumi na mbili ambazo nusu yake haitumiki popote. Tuchukue mfano wa utafiti wa upatikanaji wa maji katika kata moja.

Hatua ya 1: Chora majedwali matupu. Chora yale utakayoyaweka kwenye ripoti: vitongoji upande mmoja, vyanzo vya maji juu, na kadhalika. Swali lisilojaza kisanduku chochote liondoe, hata kama linakuvutia. Mhojiwa ameacha shughuli zake kwa ajili yako.

Hatua ya 2: Uliza kilichofanyika. Hapa ndipo penye kazi. "Je, mnapata maji kwa urahisi?" ni swali lisilopimika, mama aliyezoea kutembea kilomita mbili tangu utotoni anaweza kujibu ndiyo. Mpango wa pamoja wa WHO na UNICEF wa kufuatilia maji hutumia kipimo cha dakika 30, kwenda na kurudi pamoja na foleni. Basi uliza: "Kutoka hapa kwenda kuchota maji, kupanga foleni na kurudi, mnatumia dakika ngapi?" Ukiisahau foleni, umeipoteza adha yote ya kiangazi.

Kiasi nacho kiulizwe kwa vyombo vya watu: jana mlichota ndoo ngapi, na ni za lita 10 au 20? Mambo ya miezi ya nyuma yafunge kwenye tukio analolikumbuka kila mtu pale, kama masika, mavuno au mfungo wa Ramadhani.

Usiulize "Maji ni safi na ya bei nafuu?" Hayo ni maswali mawili. Wala usiulize "Mnachemsha maji ya kunywa, sivyo?" maana hakuna atakayetaka kuonekana mzembe. Sema: "Kabla ya kunywa, maji mnayafanyia nini?" na "hatufanyi chochote" iwe miongoni mwa majibu.

Hatua ya 3: Panga majibu. Ukiandika miaka 18–25 kisha 25–35, mwenye miaka 25 umemwacha njia panda. Weka "Nyingine (taja)", "Sijui" na "Amekataa kujibu", kila moja na namba yake. Andika maelekezo ya kuruka: kaya yenye bomba ndani ya nyumba isiulizwe habari za foleni.

Hatua ya 4: Mpangilio. Ridhaa kwanza, maswali mepesi yafuate, kipato kiwe mwishoni.

Hatua ya 5: Jaribu. Usiruke hatua hii hata bajeti ikibana. Nenda kwenye kaya chache za kijiji kinachofanana na cha utafiti lakini kisichokuwemo kwenye sampuli. Baada ya jibu mwambie mhojiwa, "Hebu nieleze kwa maneno yako, nimekuuliza nini?" Utayasikia maswali usiyokusudia kuuliza. Pima pia muda wa mahojiano, na wasikilize wadadisi, yaani wanaokwenda kuwahoji watu: swali wanalolibadilisha mdomoni kila mara linahitaji kuandikwa upya.

Rekebisha, ndipo uingize dodoso kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia data kwa simu, kisha ulijaze mwenyewe kwenye simu ukipita kila njia ya kuruka kabla wadadisi hawajaondoka.